Tatu ya kati na temperamenti zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanamuziki wa Uganda

Ukurasa huu ni wa wapiga ala, walimu wa kwaya na mafundi wa ala walioko Uganda wanaosoma Kiswahili, kuanzia Arua hadi Jinja. Si lazima ujue kusoma noti za karatasi. Ukizijua do, re, mi za kwaya, zinatosha. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na mengine yanaisha kwa sentensi moja.

Tatu ya kati ni nini?

Imba do, kisha ruka hadi mi. Umbali huo ndio tatu kubwa. Sasa imba la ya chini, kisha do. Hiyo ni tatu ndogo. Tatu ya kati inakaa katikati ya hizo mbili, na kwenye kibodi ya kawaida haina kitufe.

Kwa hesabu, umbali wa sauti tunaupima kwa senti, kipimo alichokieneza Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885. Oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, ina senti 1200, na kila kitufe cha kibodi, kiwe cheupe au cheusi, kinaachana na jirani yake kwa senti 100. Tatu ndogo ya kibodi ni senti 300, tatu kubwa ni 400, na tatu ya kati iko karibu na 350. Ukianzia A ya hezi 440, tatu ndogo ya kibodi inaangukia hezi 523, tatu kubwa hezi 554, na ya kati takriban hezi 539.

Mbona iwe 350 hasa? Kwa nini isiwe 340 au 365?

Zote hizo zinatumika na watu huzisikia kama ndugu wa familia moja. Lakini 350 ina sababu yake, nayo ni tano, yaani umbali wa do hadi sol. Tano safi ina uwiano wa 3 kwa 2, karibu senti 702. Ukiikata nusu kwa nusu unapata 351.

Akordi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, ikiwa ya kawaida ya furaha ina tatu kubwa chini na tatu ndogo juu. Akordi ya huzuni imegeuza mpangilio huo. Ukiweka tatu ya kati, nusu ya chini na nusu ya juu zinalingana, na sikio lililozoea nyimbo za kanisani halipati dalili ya furaha wala ya huzuni. Mara ya kwanza wengi husema ala imeharibika. Mimi naamini akordi hiyo ina utulivu ambao nyingine mbili hazina, na inastahili kusikilizwa kwa muda mrefu kabla ya kuhukumiwa.

Je, ina uwiano wa asili kama tano?

Ina zaidi ya mmoja. Ulio rahisi kuutaja ni 11 kwa 9, senti 347. Mwingine ni 27 kwa 22, kama senti 354 na nusu. Huu wa pili una historia ndefu: katika karne ya 10 mwanachuoni al-Farabi aliandika mahali pa kidole cha kati kwenye shingo ya udi, ala ya nyuzi ya Waarabu, akamtaja Zalzal, mpiga udi mashuhuri wa Baghdad wa enzi za Bani Abbasi. Kidole cha Zalzal kilibana uzi pale ambapo sehemu inayobaki kutetemeka ni 22 kati ya 27.

Uzuri wake ni kwamba ukipanda 11 kwa 9, kisha ukapanda tena 27 kwa 22, unafika kwenye tano safi bila kupungukiwa na chochote. Lakini ukipanda 11 kwa 9 mara mbili, unaishia senti 7 chini ya tano. Temperamenti zinaanzia kwenye pengo hilo dogo.

Temperamenti ni nini basi?

Ni mapatano ya kupuuza tofauti ndogo ili sauti chache zifanye kazi nyingi. Hapa tunakubali kwamba 11 kwa 9 na 27 kwa 22 zitakuwa sauti moja. Zile senti 7 tunazigawa kidogo huku na kidogo kule, na kuanzia hapo kila tatu ya kati inalingana na mwenzake, na mbili zikiungana zinatoa tano.

Ukishakubali hilo, tatu ya kati inakuwa hatua ya kujengea skeli nzima. Chukua kalamu uandike, ukitumia senti 350 kila hatua:

0, 350, 700, 1050, kisha 1400, 1750, 2100.

Zilizopita 1200 zirudishe ndani ya oktava kwa kutoa 1200. Ukizipanga upya unapata 0, 200, 350, 550, 700, 900, 1050, kisha 1200. Ni skeli ya sauti saba yenye hatua za aina mbili tu, tatu za senti 200 na nne za senti 150. Mfaransa Jacques Dudon aliyeshughulika sana na skeli za aina hii aliipa jina la mohajira, na jina hilo sasa linatumika pia kwa temperamenti inayotokana nayo.

Endelea na mnyororo. Sauti ya tisa inaangukia senti 400, yaani tatu kubwa ya kibodi. Hili si la bahati. Kila baada ya hatua mbili umepanda tano moja, kwa hiyo mnyororo wa tano ambao nyimbo zako zote za kawaida zinautegemea umo ndani ya mnyororo huu, na katikati ya kila jozi ya sauti zake imeingia sauti mpya. Mwanamuziki anayejifunza tatu ya kati hapotezi chochote alichokuwa nacho.

Oktava igawanywe mara ngapi?

Hapa ndipo watu hubishana, na ubishi huo una faida. Haya ndiyo magawanyo yanayofaa kujulikana.

Sehemu 24: ndiyo rahisi kuliko yote, kwa sababu kila nusu toni ya kibodi imekatwa mara mbili. Tatu ya kati ni 350 kamili na tano ni 700. Katika karne ya 19 Mikhail Mishaqa wa Lebanoni aliandika juu ya mgawanyo huu, na ulijadiliwa kwa kirefu katika kongamano la muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932. Wapigaji wengi walioujua muziki huo kwa vidole walisema, na bado wanasema, kwamba sauti zao hazikai sawasawa kwenye 350. Zinapanda au kushuka kulingana na mji, maqamu (yaani skeli ya Kiarabu na mwendo wake) na hata mwelekeo wa wimbo, kama unapanda au unashuka. Nakubaliana nao. Sehemu 24 ni ramani nzuri ya mgeni, lakini mwenyeji anapita njia za mkato.

Sehemu 17: tatu ya kati ni 353 na tano ni 706, zote zinasikika vizuri. Tatu kubwa ndiyo inayopata shida, inafika 424, kali mno kwa nyimbo za kwaya. Ukitaka skeli ndogo ambayo tatu ya kati ndiyo mfalme wake, anza na 17.

Sehemu 31: tatu ya kati ni 348, tano ni 697, na tatu kubwa ni 387, karibu kabisa na tatu kubwa ya asili yenye senti 386. Mholanzi Christiaan Huygens aliieleza mwaka 1691, na mwaka 1950 mwenzake Adriaan Fokker alipata kinanda cha mabomba kilichojengwa kwa mgawanyo huo. Kwa kwaya inayotaka akordi tamu za kawaida pamoja na tatu ya kati, ningechagua hii.

Sehemu 7 na sehemu 10 ni ndogo sana, lakini kwetu Afrika zina uzito wa pekee, kwa hiyo nazipa nafasi yake hapa chini.

Je, amadinda ya Buganda ina tatu ya kati?

Hapana. Tafadhali tusiseme hivyo, hata kama tunafurahia kuona muziki wetu ukitajwa katika mambo haya.

Amadinda ni marimba ya vibao 12 vinavyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, mmoja akianza na sehemu ya okunaga na mwingine akiingiza noti zake katikati kwa okwawula, na wa tatu anashika vibao viwili vya juu kabisa kwa okukoonera. Oktava yake ina sauti tano, na kutoka kibao kimoja hadi kingine kuna karibu senti 240. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alipima ala za aina hii, na vipimo vinaonyesha hatua zinazozunguka hapo bila kuwa sawa kabisa.

Ukiwa na hatua za 240, unapata 240, 480, 720 na 960. Ya 240 ni ndogo mno kuwa tatu yoyote, na ya 480 imeshaipita tatu kubwa kwa mbali. Mgeni akiisikia 240, mara ataiita re, mara ataiita tatu ndogo, kwa sababu masikio yake yanatafuta kitufe cha kibodi. Mganda aliyekulia kwenye muziki huo hasikii hivyo. Wimbo mmoja huanzishwa kwenye kibao hiki leo na kibao kingine kesho, na bado ni wimbo uleule. Waganda huita mihamisho hiyo miko. Isingewezekana kirahisi kama hatua zingetofautiana sana.

Hata hivyo uhusiano upo, na ni mzuri. Gawa kila hatua ya 240 nusu kwa nusu. Unapata sehemu 10 za senti 120 kila moja. Sasa sehemu tatu kati ya hizo zinatoa 360, ambayo ni tatu ya kati, na tatu za kati mbili zinatoa 720, ambayo ndiyo tano ya amadinda. Kwa maneno mengine, mtu anayetaka kutunga kitu kipya kwa amadinda mbili, moja ikiwa imetyuniwa senti 120 juu ya nyingine, atakuwa na tatu za kati kila mahali huku kila amadinda ikibaki na sauti zake za jadi. Ningependa sana kuwasikia vijana wakilijaribu hili kwa uangalifu, wakimshirikisha fundi wa marimba tangu siku ya kwanza.

Na marimba zenye sauti saba?

Timbila za Wachopi wa Msumbiji ndizo mfano unaotajwa zaidi. Mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alizieleza kuwa zimetyuniwa kwa hatua saba zinazokaribia kulingana, na ukigawa 1200 kwa saba unapata 171. Hatua mbili zinatoa 343. Hapo tatu ya kati imo ndani ya ala yenyewe, na karibu kila tatu utakayopiga ni ya kati. Tano yake ni 686, nyembamba, lakini mbao zinaistahimili.

Kwa nini mbao zistahimili wakati gitaa haistahimili?

Waya wa gitaa ukitetemeka hutoa sauti kuu pamoja na ovatoni, sauti ndogo za juu zenye masafa mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile kuu. Nyaya mbili zikikosana kidogo, ovatoni zao hugongana na unasikia mawimbi. Kibao hakifuati hesabu hiyo. Kwa kibao kilichonyooka chenye unene mmoja, ovatoni ya kwanza iko karibu mara 2.76 ya sauti kuu, na hufa haraka. Hakuna cha kugongana, kwa hiyo tano ya 686 au ya 720 haiumizi sikio.

Tatu ya kati tunaisikia wapi hapa Uganda?

Msikitini, kwanza. Visomo vya Qur'ani vya mtindo wa Misri, vile vilivyoenezwa na wasomaji kama Abdul Basit Abdus Samad, kwa desturi hufunguliwa kwa maqamu ya Bayati. Hatua zake za mwanzo ni 150, 150, kisha 200, na kutoka sauti ya pili hadi ya nne kuna 350. Kisomo hakiitwi muziki na heshima hiyo inafaa kutunzwa. Lakini mtoto aliyesoma madrasa Kibuli au Bombo ameshaizoea sauti hii kabla mwalimu yeyote wa muziki hajamwambia kwamba ipo.

Halafu kuna taarabu kutoka pwani. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar iliundwa mwaka 1905, na muziki wa Misri ulikuwa mwalimu wao mkubwa. Udi na fidla hazina freti, kwa hiyo kidole kinaiendea sauti popote ilipo. Kanuni, ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, ina vishikizo vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi. Akodioni ya kawaida imefungwa kwenye vitufe vyake, na ikiingia, tatu ya kati hulazimika kusogea au kunyamaza.

Maqamu ya kusikiliza ni Rast. Kwa senti ni 0, 200, 350, 500, 700, 900, 1050, 1200. Linganisha na mohajira hapo juu: zinatofautiana kwenye sauti ya nne tu, 500 kwa 550.

Mi ya kwaya yangu huwa chini kidogo. Je, hiyo ni tatu ya kati?

Inawezekana, lakini kuna njia ya kujua. Waambie waimbe mstari huohuo mara kadhaa bila kinanda. Mi ikitua mahali palepale kila mara, sol na do zikiwa imara, basi waimbaji wana sauti yao na wanaijua. Ikiwa do nayo inashuka beti baada ya beti, hilo ni suala la pumzi na uchovu. Nawasihi walimu wasikilize kabla ya kukemea. Mwimbaji kijijini aliyelelewa na nyimbo zisizofuata kibodi hana kasoro ya sikio.

Nitapataje tatu ya kati kwenye gitaa?

Njia nyepesi haihitaji kugusa mbao. Tyuni nyaya D A D F♯ A D kuanzia ule mnene, kisha waya wa tatu, ambao ni F♯, ulegeze senti 50 zaidi. Ukitokea G ya kawaida umeshuka jumla ya senti 150. Piga nyaya zote wazi, na hapo una akordi ya kati. Ukiteleza na chupa au chuma, akordi hiyo inakufuata shingo nzima.

Njia ya pili ni kuongeza freti. Kwa gitaa yenye waya wa sentimita 65, freti ya tatu iko sentimita 10.3 kutoka mwanzo wa shingo na ya nne iko 13.4. Tatu ya kati iko 11.9. Funga uzi wa kuvulia samaki hapo, unene wake ulingane na kimo cha freti za chuma, vinginevyo waya utagusa freti ya nne na sauti itakwaruza.

Kwenye kibodi?

Kibodi nyingi za Yamaha na Korg zina sehemu ya kubadili sauti ya kila noti peke yake. Kwa Rast inayoanzia C kama do, shusha E (mi) na B (ti) senti 50. Kwa mohajira, pandisha pia F (fa) senti 50. Kumbuka kwamba E ya kawaida inapotea kwa muda, kwa hiyo mpiga besi aambiwe mapema.

Kwenye adungu?

Adungu ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Kinubi hiki cha Waalur siku hizi hutyuniwa do re mi katika vikundi vingi, na kila uzi una kigingi chake. Legeza mi zote na ti zote kwa senti 50, ukitumia programu ya kutyuni kwenye simu, na acha nyingine zilivyo. Katika kikundi, adungu kubwa ya besi ishike do na sol tu kwa wiki za mwanzo. Ikiingiza mi yake ya zamani, kazi yote inaharibika.

Naweza kutyuni kwa sikio bila simu?

Ndiyo, ila si kwa namna unavyotyuni tano. Tano safi ikikaa sawa, mawimbi hupotea na unajua umefika. Tatu ya kati haitulii hivyo, kwa sababu ovatoni zinazokutana ni ile ya mara 11 na ile ya mara 9, dhaifu mno kusikika wazi. Tyuni kwanza do na sol hadi zitulie. Kisha leta sauti ya katikati, upige do na yake, halafu yake na sol. Ukisikia umbali mmoja umeuzidi mwingine, sogeza. Umbali ukilingana, umefika.

Fundi wangu wa marimba ataifanyaje?

Kama anavyofanya siku zote. Akichonga chini ya kibao katikati, sauti inashuka. Akipunguza mwishoni, inapanda. Mwombe achonge kibao kingine na aache kilichopo, kwa sababu mti uliokaushwa vizuri haupatikani kila siku na ukichonga kupita kiasi hakuna kurudi nyuma.

Ni wapi Uganda nitasikia skeli zisizo za kibodi kwa masikio yangu?

Makumbusho ya Uganda huko Kampala yana mkusanyiko mkubwa wa ala, na ndiko alikopigia na kufundisha Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka aliyemfundisha mtafiti wa muziki Gerhard Kubik kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndere Centre ya Ntinda hupiga ala za mikoa mingi jukwaani. Kama unaweza kusafiri, nenda Busoga, kijiji cha Nakibembe, ambako embaire, marimba kubwa ya Wasoga, huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini na watu kadhaa huipiga kwa pamoja. Busoga pia kuna bigwala, tarumbeta za vibuyu zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kila kibuyu kina sauti moja tu, na wimbo unapatikana kwa wapigaji kupokezana. Ukifika, omba ruhusa kwanza, kisha pima kwa simu sauti moja moja, ukiandika senti bila kuzisogeza zifanane na skeli uliyoitarajia.